Daktari wa mifugo anaposoma akiwa kazini: nani anafaidika?

Njiro, kusini mwa jiji la Arusha, ni eneo la vyuo na taasisi. Hapo kipo Chuo cha Uhasibu Arusha, ipo ESAMI, na yapo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI. Hata hivyo, daktari wa mifugo anayeishi hapo na kutaka shahada ya uzamili ya epidemiolojia ya mifugo mara nyingi hulazimika kuchagua: aombe ruhusa ya masomo ahamie Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), au abaki kazini asome kwa masafa.

Njia ya masafa si ngeni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini wanafunzi walio mbali tangu 1858, na kupitia Royal Veterinary College kimetoa kwa masafa shahada ya uzamili ya epidemiolojia ya mifugo na afya ya jamii.

Je, fani hii inahusu nini?

Daktari wa mifugo hutibu ng'ombe aliye mbele yake. Mtaalamu wa epidemiolojia huuliza: wameugua wangapi, wapi, lini, na kwa nini zizi hili na si la jirani? Majibu hayo ndiyo yanayoisaidia halmashauri kuamua chanjo ianze kata gani, au mnada upi ufungwe kwa muda.

Umuhimu wake kwa afya ya binadamu ulionekana Moshi, jirani na Arusha. Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vilionyesha kuwa malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Takriban robo walikuwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, yakiwemo homa ya mgunda, homa ya Q, brusela na homa zinazoenezwa na kupe. Mtu anayetibiwa malaria asiyokuwa nayo hubaki na ugonjwa wake, na mnyama aliyemwambukiza hubaki zizini.

Kwa nini kubaki kituoni kuna maana?

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki. Homa ya Bonde la Ufa iliibuka Kenya mwezi Desemba, na kufikia Januari 2007 ilikuwa imeonekana kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Hadi mlipuko ulipoisha, zaidi ya watu 100 walikuwa wamefariki nchini.

Ugonjwa huu una dalili ya mapema: kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi, na vifo vya ndama na wana-kondoo huongezeka. Anayeweza kuliona hilo ni yule aliye karibu na maboma. Wilaya yenye daktari mmoja au wawili wa mifugo ikimpeleka mmoja masomoni kwa miaka miwili, inapunguza macho yake yenyewe. Anayesoma kwa masafa hujifunza usiku namna ya kuchagua sampuli, na asubuhi hukutana na wafugaji walewale anaopaswa kuwahesabu. Hata programu ya takwimu ya R, inayotumika sana katika fani hii, hupatikana bure.

Vikwazo ni vipi?

Kuna mambo yasiyofundishika kwa kompyuta pekee. Kuchukua sampuli kwenye mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta, bila kuupasua, kunahitaji msimamizi aliye pembeni. Ndiyo maana mafunzo ya epidemiolojia kwa madaktari wa mifugo walio kazini, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliyaanzisha mwaka 2018, yana wiki nne za darasani na miezi mitatu ya kazi vituoni. Hayo hayatoi shahada, lakini yanaziba pengo hilo.

Pili ni fedha. Ada ya chuo cha Uingereza hulipwa kwa pauni, ilhali mshahara wa halmashauri ni wa shilingi. Tatu ni utambuzi. Ni busara kuiuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kabla ya kulipa ada, kama shahada husika itatambuliwa. Wala shahada ya uzamili haichukui nafasi ya usajili wa Baraza la Veterinari.

Uamuzi mkubwa zaidi uko kwa mwajiri. Mwanafunzi wa masafa asiyepewa muda wa kusoma, wala ruhusa ya kutumia takwimu za ofisi yake, ataandika tasnifu kuhusu mifugo ya nchi nyingine kwa sababu takwimu zake zinapatikana mtandaoni. Atahitimu, lakini maswali ya Longido, Monduli na Arumeru yatabaki bila majibu. Halmashauri inayompa saa chache kwa wiki na kumfungulia kumbukumbu zake za magonjwa na chanjo hupata utafiti kuhusu mifugo yake yenyewe, bila kumpoteza daktari wake hata kwa msimu mmoja wa mvua.