Tusikimbilie kulaumu virusi kompyuta zinapozimika

Asubuhi ya Julai 19, 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 kote ulimwenguni ziliacha kazi ghafla. Skrini ziligeuka buluu, na kila zilipowashwa upya zikazimika tena. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha matibabu, na benki kadha zikashindwa kuwahudumia wateja. Kama ilivyo ada, uvumi uliutangulia ukweli. Kuna walioapa kwamba ni hujuma ya maadui. Wengine wakaitupia lawama Microsoft, kwa kuwa kompyuta zote zilizoathirika zilitumia mfumo wake wa Windows.

Kumbe aliyeiangusha nyumba ni mlinzi wake. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani hutengeneza programu ya kuzikinga kompyuta dhidi ya wahalifu. Saa moja na dakika tisa asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, iliwatumia wateja wake faili moja ndogo. Faili hiyo iliitaka programu isome vipengele 21, ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Katika kukitafuta cha 21, programu ikasoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya kompyuta. Laiti ingalikuwa programu ya kawaida, ingalianguka peke yake. Lakini hii huendeshwa katika kiini cha Windows, na kiini kikianguka hakuna kinachosalia.

Faili iliondolewa baada ya dakika 78, ila kompyuta nyingi zilizokwisha kuzimika hazikuweza kupokea marekebisho. Ilibidi mafundi waziendee moja moja, waziwashe kwa hali salama na kuifuta faili kwa mkono.

Jambo ninalotaka walimu walitazame ni hili: chanzo hakikufumbuliwa kwa ramli. Windows inapoanguka kwa namna hii, aghalabu huandika kumbukumbu ya yale yaliyokuwa yakitendeka. Waliozisoma kumbukumbu hizo walilikuta jina la programu iliyokosa.

Je, katika shule zetu nani huzisoma? Kompyuta ikizimika, neno la kwanza ni virusi. Fundi huitwa, naye hufuta kila kitu na kuiweka Windows upya. Katika shule moja ambayo sitaitaja nilishuhudia hayo yakifanywa mara mbili kwa kompyuta ile ile katika muhula mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha nne alipoteza kazi yote ya mradi wake wa somo la kompyuta, mradi ambao hutiwa alama katika mtihani wa KCSE. Wiki mbili baadaye kompyuta ikaanza tena vituko vyake.

Inashangaza, kwa maana mwanafunzi huyo huyo akiwa katika maabara ya fizikia hufundishwa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika anachokiona. Akivuka ua na kuingia chumba cha kompyuta, mbinu hiyo huachwa mlangoni. Angeuliza: ni nini kilichobadilika kabla ya hitilafu kuanza? Huzimika kwa programu moja au kwa zote? Ni kompyuta moja au chumba kizima? Windows yenyewe ina daftari la matukio linaloonyesha saa na jina la programu iliyoanguka, na ina kipimo cha kukagua kumbukumbu iwapo ni mbovu. Vyote hivyo havihitaji shilingi hata moja.

Katika shule niliyoitaja, mwalimu mmoja mgeni alifungia daftari la kawaida mezani kwa kamba, akaagiza kila hitilafu iandikwe: siku, saa, programu iliyokuwa ikitumika na maneno yaliyotokea katika skrini. Kabla ya mwezi kwisha kurasa zilisema wazi. Programu zilitofautiana, lakini saa hazikutofautiana sana: karibu kila mara ilikuwa alasiri, chumba kikiwa kimejaa wanafunzi na joto limepanda. Kompyuta ilipofunguliwa, feni ilikuwa imesakamwa na vumbi hata haizunguki. Ilisafishwa kwa brashi ya rangi. Wakati huo yule mwanafunzi alikuwa akiuandika mradi wake upya tangu ukurasa wa kwanza, na siku ya kuuwasilisha ilikuwa imebakisha siku tisa.