Uzawa, Uzalendo na Siasa za Ubaguzi: Maoni ya Kiisimu

Siasa za mrengo wa kulia uliokithiri zina sifa moja kuu popote zinapozuka: huwagawa wananchi kwa nasaba, kisha huwatwika walio wachache lawama za dhiki za walio wengi. Barani Ulaya huja na vyama vyake na bendera zake. Katika Afrika Mashariki mara nyingi huanza na neno. Kwa sababu hiyo, suala hili haliwezi kuachiwa wataalamu wa siasa peke yao.

Tanzania ilirejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Haukupita muda mrefu kabla Mchungaji Christopher Mtikila hajaanza kuwashambulia majukwaani wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia kwa jina la magabacholi, na mwaka 1993 hotuba zake zikafuatiwa na vurugu dhidi yao jijini Dar es Salaam. Baadaye, neno hilo la matusi lilifuatwa na neno la adabu: uzawa. Watetezi wake, akiwamo Iddi Simba, walitaka Mwafrika apate nafasi katika uchumi uliokuwa ukibinafsishwa. Dai hilo halikuwa la kubezwa, kwani ukoloni ulikuwa umezipanga rangi kwa matabaka katika biashara. Kasoro ilikuwa katika neno lililobebeshwa dai hilo.

Mzawa limetokana na kitenzi -zawa, kauli ya kutendwa ya -zaa. Mtajwa hakutenda lolote. Aliyetenda ni mzazi wake. Mzalendo nalo lilikuwa la mzaliwa wa nchi, lakini harakati za uhuru zililipanua hata likamhusu kila aipendaye nchi na kuitumikia. Uzalendo, basi, waweza kupatikana kwa kutenda; uzawa hauwezi kupatikana kamwe. Zaidi ya hayo, pwani ya kale ilikuwa na neno mzalia, lililotumika hasa kwa mtumwa aliyezaliwa katika milki ya bwana wake. Mtu huyo alizaliwa papo hapo, na bado hakuhesabiwa kuwa mwungwana. Kuzaliwa mahali hakujapata kuwa kipimo kinachojitosheleza. Daima kuna anayeamua ni kuzaliwa kupi kunakohesabiwa.

Musoma ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Mjini humo hukutana Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo na wengineo, nao huelewana kwa Kiswahili, lugha ambayo wazee wao wengi hawakuzaliwa nayo. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Kwa kipimo cha uzawa, Kiswahili hakikuwa chake. Kwa kipimo cha kazi, ni wachache wanaomzidi.

Nyerere huyo huyo, mwezi Oktoba 1961, alisimama Bungeni kuwapinga waliotaka uraia utolewe kwa rangi. Aliwafananisha na Hitler, na akaweka rehani serikali yake kwa hoja hiyo. Uhuru ulikuwa haujatimia.

Yawezekana kusemwa kwamba maneno hufuata hali ya uchumi wala hayaiumbi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria ya uwezeshaji wa wananchi kiuchumi. Lengo la kumwinua aliyeachwa nyuma lilibaki, lakini neno wananchi halikumuuliza mtu babu yake alitoka wapi. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nchini Kenya, neno la kawaida kabisa, madoadoa, liligeuzwa kuwa jina la majirani wa kabila jingine waliotakiwa kuondolewa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilibidi iliorodheshe miongoni mwa maneno ya chuki.

Waandishi wa kamusi na walimu wa Kiswahili wana wajibu hapa. Kamusi inayomfasili mzawa kuwa mtu aliyezaliwa mahali fulani, ikanyamaza, imeeleza umbo tu na kuyaacha matumizi. Msomaji anastahili kuelezwa pia neno hilo limetumiwa na nani, dhidi ya nani, na kwa matokeo gani. Ubaguzi ulioingia katika lugha bila kuhojiwa hauchelewi kuingia katika sheria.