Benki Imeuzwa, Ustadh Hajalipwa



Kuna madrasa moja mtaani kwetu hapa Mombasa ambayo walimu wake walikaa miezi mitatu bila mshahara. Pesa zilikuwepo. Wazazi walikuwa wamelipa, wafadhili wametoa, na hesabu zilikuwa safi. Kilichotokea ni kwamba benki yao ilichukuliwa na benki nyingine, tawi la karibu likafungwa, na kamati ikaambiwa akaunti haitoi hata shilingi mpaka wenye sahihi wote watatu wafike wenyewe, na vitambulisho, na PIN ya KRA, na picha.

Sasa wenye sahihi ni kina nani? Mmoja ametangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Wa pili yuko Doha kikazi. Wa tatu ni mzee wetu ambaye kitambulisho kinasema Athman na benki tangu zamani ilimwandika Athumani.

Benki sitaitaja. Hakuna aliyeiba pesa za madrasa, na ndiyo maana jambo hili halipigiwi kelele. Benki ikianguka, nchi nzima inajua. Benki ikiuzwa, magazeti yanaandika bei na faida, basi. Ustadh wa darasa la chini kurudi kuendesha bodaboda ili watoto wake wale, hiyo si habari.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, manake vijana wengi wanayachanganya. Benki kufa ni kitu kimoja. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015. Chase Bank, iliyokuwa na dirisha la Kiislamu la Chase Iman, iliwekwa chini ya mrasimu Aprili 2016, na ilikuwa ni Agosti 2018 ndipo asilimia 75 ya amana zilizozuiliwa ilipohamia SBM. Huko ndiko bima ya amana inakoingia, ile ambayo tangu Julai 2020 inamlinda kila mwenye akaunti hadi shilingi 500,000.

Benki kuuzwa ikiwa hai ni kitu kingine. Pesa yako haipotei. Mnunuzi anachukua mali na madeni, na wewe mwenye akiba ni mmoja wa wanaodaiwa. Mwaka 2023 Premier Bank ya Mogadishu ilinunua asilimia 62.5 ya First Community Bank, benki ya kwanza Kenya kupewa leseni ya kuendeshwa kisharia mwanzo hadi mwisho, na leo jina ni Premier. Mwaka 2025 KCB iliiuzia Access ya Nigeria benki ya National, yenye dirisha lake la Amanah, na katika mpango huo huo baadhi ya mali na madeni ya National yalihamishiwa KCB. Yaani inawezekana kabisa benki moja ikiuzwa, wateja wake wakaelekea pande mbili. Yote haya yanapitia Benki Kuu na Waziri wa Fedha. Ni halali.

Lakini kazi ya kuhama anafanya nani? Anafanya mteja. Benki mpya inasema "sasisha taarifa zako", neno dogo kweli. Kwa kijana mwenye simu na PIN ya KRA ni dakika kumi. Kwa mzee aliyefungua akaunti miaka ya themanini, ambaye jina lake karani aliliandika alivyolisikia, ni safari ya mwezi. Na sisi majina yetu mnayajua: Mohamed, Muhammad, Mahamud, jina la babu limewekwa au limeachwa. Ongeza vijana wa Garissa, Wajir na hata Old Town waliokaa miaka wakifanyiwa vetting kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Rais alipotangaza Februari 2025 kwamba ile ya ziada iondolewe. Mtu aliyesumbuliwa kupata kitambulisho ndiye huyo huyo anayeambiwa kitambulisho chake hakilingani na akaunti.

Tena kufungiwa pesa si mambo mageni kwetu. Baada ya shambulizi la Garissa mwaka 2015 serikali ilifunga akaunti za MUHURI na Haki Africa na kusimamisha leseni za hawala 13. Mashirika hayo mawili yalikwenda mahakamani na yakashinda. Sisemi mauzo ya benki ni njama. La. Nasema jamii iliyowahi kuonja hilo ina haki ya kushtuka akaunti ikigoma bila maelezo, na benki inafaa ilielewe hilo kabla ya kumjibu mama wa watu kwa ukali pale dirishani.

Liko pia suala la dini, ambalo sioni likielezwa vizuri. Kama una akaunti ya Kiislamu na mnunuzi ni benki ya kawaida, uliza kwa maandishi: akaunti yangu inabaki chini ya bodi ya sharia, au inageuka ya kawaida na kuanza kuingiziwa riba? Kama ulinunua gari kwa murabaha, bei mlikubaliana siku ile. Mnunuzi mpya anaingia kwenye mkataba ule ule, hana ruhusa ya kukuongezea. Kama ni mudaraba, fungu la faida mlilokubaliana halibadilishwi na upande mmoja. Usitie sahihi fomu mpya ati kwa sababu karani amesema ni "ya kawaida tu". Ipige picha, mpelekee sheikh wako na mtu anayejua mikataba. Ada nazo zina sheria: kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kupandisha ada bila idhini ya Waziri.

Na angalia paybill. Ukiendelea kulipa deni kwenye namba ya zamani, malipo yakakwama, unaweza kujikuta umeorodheshwa CRB na ulikuwa unalipa. Matapeli nao wanapenda msimu huu. Anayekupigia akidai PIN ya kadi "tukuhamishe" ni mwizi.

Sisi tunataka kitu kimoja kutoka Benki Kuu, na barua tunaiandika. Ilani ya kuhamisha wateja itoke kwa Kiswahili pia, ibandikwe tawini na ipelekwe misikitini na makanisani kabla ya siku ya kuhama, na akaunti za madrasa, misikiti na vyama zipewe muda wa kubadilisha sahihi huku pesa zikiendelea kutoka. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, na kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata taarifa. Tangazo la Kiingereza kwenye gazeti ambalo mzee Athumani hanunui halimfikishii taarifa yoyote.

Huku tukisubiri, kijana, Jumamosi hii kaa na wazee wako. Waulize wana akaunti wapi, zimeandikwa jina gani, nani wana sahihi. Akaunti ikikaa miaka mitano bila kuguswa na mwenyewe asipatikane, pesa inapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Inadaiwa na inarudishwa, lakini warithi wanaanza mlolongo wa makaratasi kwa pesa ambayo baba aliwaachia wazi.

Madrasa yetu ilifunguliwa akaunti baada ya hati ya kiapo kwa wakili, cheti cha kifo, na yule wa Doha kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu. Maustadh wamelipwa. Mzee Athumani bado anangoja kadi yake ya ATM.

Kama msikiti au madrasa kwenu imekwama hivi, tuandikieni inboksi: tawi gani, tarehe mliyoambiwa, na picha ya barua mliyopewa. Namba za akaunti zifuteni kwanza.