Mvi si Udhuru

Ndugu wapiganaji na askari polisi, yako maneno tunayoyasikia mara kwa mara kambini na vituoni: "Sisi tumekwisha kula chumvi nyingi, hayo mapya waachieni vijana." Mwenye kusema hivyo hudhani anatoa nafasi. Kwa hakika anajistaafisha kabla ya siku yake.

Tuwatazame jirani zetu wa Malawi. Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Askari aliyezoea kutumia Kichewa katika mitaa ya Lilongwe, kama vile Kauma, akihamishiwa huko hukuta ujuzi wake wa miaka ishirini una pengo. Mama akija kushtaki, maneno yake hupitia kwa mkalimani. Mkalimani akipotosha, haki imepotea.

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi mashariki ya Kongo. Huko nako Kiswahili kilikuwa zana ya kazi, sawa na ramani na redio. Mwaka 2019 SADC ikakifanya lugha yake rasmi ya nne. Sajenti wa Malawi aliyeandikishwa kabla ya hayo hakukosa lolote. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Sisi Kiswahili tunacho, lakini pengo letu ni jingine. Ushahidi siku hizi umo ndani ya simu za mkononi, taarifa huandikwa kwa kompyuta, na adui aweza kurusha ndege isiyo na rubani. Mpelelezi hodari wa jana, asipojifunza hayo, atasimama mlangoni akingoja kijana amsomee.

Hata hivyo, lawama isiwaangukie wazee peke yao. Sisi tulio katika miaka ya thelathini, tulipokuwa makadeti, tulifundishwa kufungua na kufunga bunduki na masajenti wenye mvi. Leo nafasi ya kozi ikitokea, majina yetu hutangulizwa, na ya mwalimu wetu hukatwa kwa kuwa "amebakiza miaka michache". Hiyo ni dhuluma, tena ni hasara. Miaka mitano ya mtu mwenye uzoefu na ujuzi mpya ina manufaa makubwa kwa kikosi.

Pale Dzaleka, tangu mwaka 2010, wakimbizi wamesoma stashahada ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta, kwa mpango wa Majesuti. Ikiwa aliyepoteza nyumba na kazi anaketi darasani, sisi wenye sare na mshahara tuna udhuru gani?

Basi makamanda wagawe nafasi bila kuhesabu mvi, vijana wafundishe kwa adabu, na wazee wakubali kuketi dawatini. Bunduki isiyosafishwa hushika kutu, hata kama ilipigana vita vingi.