MWALIMU KUZAA SIYO KUTOROKA KAZI

Ndugu wanakijiji,

Kwenye mizani ya ushirika nasikia maneno, eti mwalimu wa hesabu kajifungua Agosti na darasa la saba wana mtihani Septemba, basi kawatupa watoto wetu. Eti angepanga. Wapo waliomfuata nyumbani siku ya nne na madaftari. Jamani!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 na mshahara wake, akizaa mapacha siku 100. Wiki 6 za mwanzo hafanyi kazi mpaka daktari athibitishe kuwa anaweza. Tena inamtaka atoe taarifa miezi 3 kabla. Alitoa, kwa barua, mwezi wa Mei. Kamati ya shule ikakaa vikao 2, ikazungumza choo na mabati, barua imelala kwenye faili. Hapo ndipo watoto walipotupwa.

Wasiwasi wa wazazi nauelewa, asilimia hazijaisha kufundishwa. Mimi kugawanya nilijifunza kisomo cha watu wazima, na aliyetufundisha alikuwa na mtoto mgongoni, lakini yule alitaka mwenyewe.

Karani wetu wa mizani amemaliza kidato cha 6. Mwalimu mkuu akikubali, asubuhi akafundishe, jioni apime. Posho itoke ushirika. Wanachama njooni Jumamosi saa 4 tuipitishe, na wajumbe wa kamati wasikose.

Katibu wa Chama, Tawi