Asilimia Haihamishi Mtu

Leo naomba nigombane kidogo na waandishi wa programu wenzangu. Kila maafa yakitokea tunakimbilia jibu lile lile: data zaidi, tarakilishi kubwa zaidi. Hebu tazameni yaliyotokea Montecito, California.

Desemba 2017, moto ulioitwa Thomas uliteketeza milima iliyo juu ya mji huo. Mlima ukiungua, majani na mizizi iliyokuwa ikizuia maji hutoweka, na udongo wenyewe hukataa kunywa mvua. Mvua fupi tu hutosha kuteremsha tope, magogo na mawe makubwa kama magari.

Je, hatari haikujulikana? Ilijulikana! USGS, shirika la jiolojia la Marekani, lilikuwa limeshatoa ramani ya hatari. Hesabu yake wala haitishi: ni rigresheni ya lojistiki, ile ile ya darasani. Unaipa miteremko mikali iliyoungua (kuanzia digrii 23), ukali wa moto kutoka picha za setilaiti, aina ya udongo, na kasi ya mvua ndani ya dakika 15. Inakupa uwezekano wa tope kuanza katika kila bonde.

Alfajiri ya Januari 9, 2018, zilinyesha zaidi ya milimita 13 kwa dakika 5 tu. Watu 23 walipoteza maisha, na wengi wao walikuwa katika eneo ambako kuhama kulikuwa hiari.

Ugomvi wangu ni huu. Ramani ile ilionyesha tope lingeanzia wapi, si lingefika wapi. Na watu hawalali linakoanzia, wanalala linakofika! Hata ukiboresha hesabu ya kule juu mara kumi, bado hujamwambia mzee wa kule chini kama ahame usiku huu.

Mtaniambia kwamba onyo la bure likizidi, watu hupuuza. Kweli, na hawa walikuwa wametoka tu kuhamishwa kwa sababu ya moto. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuchora mpaka wa tope vizuri: ahame anayepaswa, wengine walale.

Watafiti wengine sasa wanaishughulikia hatua hiyo, na hongera kwao. Sisi wengine tuache kujisifu kwa asilimia. Programu ya maafa haijakamilika mpaka itoe jibu moja kwa kila nyumba: hama au baki.

Nyinyi mwaonaje?