Betri iliyokufa inaweza kuua



Nikipita nyumba kwa nyumba huuliza juu ya choo, maji ya kunywa na chandarua. Siku hizi nimeongeza swali moja: taa yako ya sola ilipokufa, uliiweka wapi? Wengi hucheka. Wengine hunionyesha shimo la takataka. Kwa mama mmoja nilimkuta mtoto wa miaka mitatu akichezea unga mweusi wa betri za redio, mdomo wote mweusi.

Sikumlaumu yule mama. Hata sisi shuleni tuliponda betri ili kupaka ubao rangi nyeusi, na hakuna aliyetuonya. Lakini leo tunajua, na anayejua hana budi kusema.

Betri kubwa ya gari, ile wanayochajia simu, ina asidi na madini ya risasi. Vumbi la risasi huingia mwilini bila mtu kujua. Kwa mtoto huharibu ubongo na kupunguza damu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto na mtu mzima wakimeza kiasi kilekile, mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi.

Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegali, watu walivunja betri za magari na kuchekecha mchanga wapate risasi ya kuuza. Mchanga ule waliupeleka hadi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wazazi wao walikuwa wanatafuta chakula tu, kama mimi na wewe.

Mdogo wangu naye huchoma nyaya apate shaba. Nilipomkataza aliniuliza: "Dada, sabuni na chumvi utanunua wewe?" Nilikosa jibu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuwakataza vijana tu. Nilimwomba amenye nyaya kwa kisu badala ya kuzichoma. Kazi ni ya polepole, lakini shaba hutoka safi, na majirani hawavuti moshi wenye sumu.

Wakati huohuo, ninaomba mambo mawili. Kwanza, mashirika yanayogawa taa za sola yapange pia siku ya kuzikusanya zikifa. Taa inakuja kwa gari; betri yake mbovu nayo iondoke kwa gari. Pili, viongozi wa kanda watenge pipa moja lenye mfuniko, mbali na kisima na watoto, karibu na mafundi wetu. Fundi aangalie kwanza: mara nyingi ni waya tu umekatika, na taa inawaka tena.

Tukisubiri hayo, wewe nyumbani fanya hivi:

- Usivunje betri wala kuitupa motoni au chooni. Iweke ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, mahali mtoto hafikii.
- Betri ya simu iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Inaweza kushika moto, na nyumba zetu za turubai na nyasi haziusubiri. Iweke nje, peke yake, mbali na chochote kinachoungua.
- Mtoto akimeza betri ndogo ya duara, kimbia naye zahanati saa hiyohiyo. Usimtapishe. Ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koo lake.
- Anayeshughulika na vyuma chakavu anawe na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ndugu zangu, tulijifunza kutenganisha ndoo ya maji ya kunywa na ndoo ya kufulia, na kuhara kukapungua. Hili nalo halitatushinda. Kesho nikibisha hodi kwako, nionyeshe chombo chako cha betri.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Mhamasishaji wa afya wa kanda